Ulipoinua Mkono Badala ya Kupiga Kelele

Mumbua mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mdogo wako Kioko kwenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya. Jua bado liko juu na mimi nimefunga hoteli. Dereva mmoja amegonga mlango akitaka chai, nikamwambia kupitia dirishani kwamba leo hakuna. Ameondoka akigeukageuka, maana tangu aanze kupita hapa Mtito Andei hajawahi kunikuta nimefunga mchana.

Mambo ya sabuni, blanketi na sare tumeshayamaliza, siyarudii. Nataka kukwambia jambo ambalo nimelizunguka wiki nzima nikijifanya nakunja nguo zako. Naogopa. Naogopa mpaka jana nilitia chumvi kwenye chai ya wateja, na wakainywa wakidhani ndivyo ninavyopika siku hizi. Kesho unaondoka kwenda shule ya bweni Kitui, na mara ya mwisho nilipokupeleka shule ya bweni Kitui nilikaribia kukupoteza huku nikishangilia.

Ulikuwa na miaka minane. Kilichonitisha wakati huo ni hii barabara ya Mombasa. Nilikuwa nikikuona unacheza karibu na lami, malori yanapita, wanaume wageni wanashuka kutafuta chakula na mahali pa kulala. Baba yako alikuwa bandarini Mombasa kama alivyo sasa, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Aliniuliza kwenye simu, “Si ni mdogo sana?” Nikamjibu kwamba huko atakuwa na ukuta na geti, huku hana kitu.

Siku niliyokupeleka nilisimama kwenye veranda, nje ya darasa lililojaa watoto, na sikusikia hata mmoja akikohoa. Nilifurahi sana, Mumbua. Nilidhani ule ukimya ndio kusoma kwenyewe.

Ulipokuja likizo ya kwanza ulikuwa na alama nzuri kuliko watoto wote wa mtaa huu. Ukasimama mlangoni pa jikoni, mikono nyuma, ukasema, “Mama, naomba ruhusa kunywa maji.” Maji ya kwetu, kwenye mtungi wetu. Mimi nilifanya nini? Nilicheka kwa furaha nikawaita wateja: “Njooni msikie adabu ya huyu mtoto!” Ukasimama pale pale, kiu bado imekushika, watu wazima wakikusifu.

Kulikuwa na mkutano wa wazazi mwaka uliofuata. Baba mmoja aliuliza mbona watoto hawaimbi tena asubuhi. Mwalimu mkuu akajibu kwamba wimbo hauulizwi kwenye mtihani, na mimi nikawa kati ya wa kwanza kupiga makofi. Kwa hivyo siwezi kuwalaumu walimu wale peke yao. Walitupatia kile tulichokwenda kuwaomba. Tuliomba alama na watoto wasiosumbua, tukavipata vyote viwili.

Halafu ikaja ile siku ya mafuta.

Hatujawahi kuizungumzia vizuri, mimi na wewe. Watu huuliza kuhusu kovu la mkono wangu na mimi husema, “Ni kazi ya jikoni,” nawe huinama. Leo nataka niiseme jinsi nilivyoiona mimi, kwa sababu nadhani wewe umebeba sehemu ambayo si yako.

Ilikuwa likizo ya Agosti, una miaka kumi. Kioko alikuwa ameketi kwenye gunia jikoni akichezea vifuniko. Nilikuwa nimeweka karai la mafuta motoni kwa ajili ya viazi, halafu nikaenda dirishani kuongea na dereva mmoja aliyetaka chakula cha kufungiwa aende nacho. Nikawapa mgongo. Tuliongea, tukacheka. Ghafla yule mwanamume akabadilika uso, akapiga kelele, “Mama, moto!”

Nikageuka. Karai lilikuwa linawaka na pazia la rafuni limeshika. Na wewe ulikuwa umesimama katikati ya jikoni, umenyooka, midomo umeifunga, mkono wa kulia umeuinua juu.

Umeinua mkono, mwanangu. Kama darasani. Ulikuwa ukinitazama mimi, ukingoja nikuchague.

Sijui uliuinua kwa muda gani. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo. Nilimnyakua Kioko, mafuta yakanirukia mkononi, yule dereva akaingia akafunika karai kwa gunia lililoloa. Kila kitu kilikwisha haraka. Baadaye, nikiwa nimetia mkono kwenye beseni la maji, nilikuuliza, “Mbona hukuniita?” Ukasema kwa sauti ndogo sana, “Ulikuwa unaongea na mtu mkubwa.”

Nilitaka kukupiga na nilitaka kulia. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu yale maneno niliyajua. Yalikuwa yangu.

Hili sijawahi kukwambia. Nilipokuwa nakungoja wewe uzaliwe, nilikuwa kwa nyanya yako kule Mutomo, na uchungu ulipoanza wakanipeleka hospitalini. Nesi alinipima, akasema bado, nikihisi chochote kibaya nimwite. Akaenda kwa mama mwingine aliyekuwa akipiga mayowe. Nikahisi kibaya. Nilijua kabisa kwamba kuna kitu hakiko sawa, mwili wenyewe uliniambia. Nikanyamaza. Nilifundishwa tangu darasa la kwanza kwamba mtoto mzuri hungoja aulizwe, na nilikuwa mtoto mzuri sana, nilipata zawadi ya nidhamu. Nililala pale nikiuma kanga mpaka yule nesi aliporudi mwenyewe, akanitazama, akaita wenzake wakaja mbio. Ulitoka kitovu kimekukaba shingo, rangi ya majivu. Walikupigapiga mgongo mpaka ukalia. Nesi akaketi kitandani pangu, jasho linamtoka, akaniuliza, “Mama, mbona hukuniita?”

Nilimjibu, “Ulikuwa na kazi.”

Sasa unaona kwa nini niliogopa pale jikoni. Ule mkono ulioinuliwa haukuanza Kitui. Niliuanza mimi, na pengine hata mimi nilipewa. Nilikuwa nimeupeleka shuleni ukanyooshwe tu.

Sikukurudisha bwenini. Watu walisema nimepoteza akili, kutoa mtoto kwenye shule nzuri hivyo na kumleta kwenye hii ya kutwa, ng'ambo ya reli, ambako mbuzi huingia darasani. Hata mimi nilidhani nimepoteza akili. Ulikuwa ukirudi jioni na vumbi magotini, daftari halina alama za kutosha, na maswali. Siku moja uliniuliza tunatumia mitungi mingapi ya maji kwa siku, nikakwambia niache nipike, kesho yake ukaja na kijiti ukaanza kupima.

Nilikwenda kumwona Mwalimu Nduku nikiwa nimekasirika. Nilimkuta nje anafuta ubao uliowekwa kivulini.

“Mwalimu, huyu mtoto alikuwa nambari tatu kule,” nilimwambia. “Hapa mnamchezesha.”

Hakukasirika. Aliniambia niketi kwenye dawati, yale madogo, magoti yakanifika kidevuni.

“Mama Mumbua, leo niliandika hesabu vibaya ubaoni. Makusudi. Nimefanya hivyo tangu aje, na huwa namwona anajua, macho yanamtoka, lakini hasemi. Leo amesema. ‘Mwalimu, hiyo si sawa.’”

“Enhe?” nikasema. Sikuelewa furaha yake.

“Halafu akajifunika kichwa kwa mikono.” Mwalimu akanionyesha, akainama hivi. “Akangoja nimpige.”

Nilitoka pale nikatembea mpaka kwenye reli na sikuweza kuvuka. Nilikaa kando. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni aliniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Tangu siku ile nimejaribu kujifunza, na nimejifunza polepole kuliko wewe. Jambo gumu kwangu lilikuwa mikono. Ukichanganya unga vibaya, mikono yangu hukimbia kukunyang'anya. Nikaanza kuificha chini ya aproni. Umewahi kuniuliza mbona nasimama kama nina baridi wakati unapika; sababu ni hiyo. Chapati zako za kwanza wateja walizirudisha, na nilikuacha uende mezani ukawaulize zina nini. Nilikuwa jikoni nimeuma mdomo. Ukarudi ukasema, “Wanasema ni ngumu kama tairi. Nadhani ni maji.” Ukakanda unga upya. Nilienda nyuma ya nyumba nikajifuta machozi kwa sababu ya unga na maji tu, mimi mwanamke mzima.

Lakini usidhani nilikuwa nimepona. Unakumbuka siku ya ndovu.

Ulikuwa gredi ya saba, Kioko ndiyo kwanza ameanza gredi ya kwanza, mnarudi pamoja na wale mapacha wa jirani. Kawaida mnafika jua likiwa bado kwenye paa la kituo cha petroli. Siku hiyo jua likashuka, hamjafika. Mtu akaja akasema ndovu wametoka mbugani, wameonekana kwenye mto mkavu, kwenye njia yenu hasa. Nilikimbia na ndara. Sikumbuki nilivuka barabara vipi. Malori yalinipigia honi. Nilikuwa nikiita majina yenu na sauti haitoki, inatoka pumzi tu. Kwenye mto nikaona mti umevunjwa, majani bado mabichi, na kinyesi kinatoa mvuke. Hakukuwa na watoto. Nilitafuta viatu, Mumbua. Nilikuwa nikitafuta viatu vyenu kwenye mchanga.

Nikawakuta shuleni, mmeketi na bawabu kwenye kibanda chake, mnakula mahindi. Kioko alikuwa amelala mapajani mwako.

Nilikuvuta mkono mpaka nikakuinua. “Nani alikuambia urudi shule? Nani alikuambia?”

Uliniangalia usoni. Hukuinama. Ukasema, “Hakuna mtu aliniambia, Mama. Ndiyo maana nikafikiria.”

Bawabu akanieleza kwamba uliona mti unatikisika na hakuna upepo, ukawashika wadogo mikono, ukawarudisha kinyumenyume bila kukimbia, na ulipofika ukamwomba anipigie simu, lakini simu yake ilikuwa imeisha chaji. Nilisikia hayo yote. Na bado usiku ule nilimwambia baba yako kwamba nataka urudi bwenini, nyuma ya ukuta, mahali ambapo hakuna ndovu. Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulisema, “Mama, kule ningengoja mtu aniambie kama ni ndovu.”

Baba yako alikuwa kwenye simu, spika imewashwa. Alicheka, halafu akasema, “Mwachie.” Ndilo neno refu zaidi alilowahi kusema kuhusu masomo yako, na lilitosha.

Kwa hivyo ulipochagua mwenyewe, miezi michache iliyopita, kwenda sekondari ya juu ya bweni, sikujua niseme nini. Walimu walisema hesabu zako zinakutosha kwenda mkondo wa sayansi, majirani wakasema utakuwa daktari, na wewe ukachagua sayansi ya jamii kwa sababu unataka jiografia, unataka kujua mbona maji ya hapa yanapita kwenye bomba kubwa chini ya miguu yetu na sisi tunachota kwa mitungi. Nilikuuliza kama una hakika. Ukasema una hakika kidogo. Nilipenda hiyo “kidogo” kuliko kitu chochote, ingawa sikukwambia.

Halafu wiki iliyopita tukaenda kukusajili. Na hapa ndipo woga wangu wa leo unapotoka, usidhani ni wa zamani tu.

Matroni alitutembeza bwenini. Vitanda juu ya vitanda, madirisha yana vyuma. Mlango mmoja mbele, na mwingine nyuma una kufuli. Niliona kufuli. Niliona vyuma. Kila mzazi wa Kenya anajua habari za mabweni kuungua zinazosikika kwenye redio. Na nikanyamaza. Nilitabasamu. Nikasema, “Ni pasafi sana.”

Wewe ukauliza, “Samahani, huu mlango wa nyuma, usiku ufunguo anakuwa nao nani?”

Matroni akageuka. “Kwani wewe ndiye utatusimamia hapa?”

Nikakukanyaga mguu. Ulihisi, najua ulihisi, kwa sababu ulinitazama mara moja tu. Nilikukanyaga kwa kisigino ili unyamaze, baada ya yote haya, baada ya mafuta na Mutomo na mikono chini ya aproni. Ilitoka yenyewe. Iko kwenye mifupa.

Ukavuta mguu wako taratibu. Ukamwambia matroni, “Hapana, nitakuwa nalala hapa tu. Ndiyo maana nauliza.”

Yule mama alitoa funguo zake akaanza kujaribu. Wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia haukuzunguka. Nilikuwa nikitazama mikono yake, na nikaona jinsi ilivyoanza kuharakisha. Alipofungua mwishowe, kulikuwa na viti vibovu vimerundikwa nje ya mlango, haufunguki zaidi ya upana wa bega. Alisimama pale akivitazama. Kisha akasema, bila ule ukali, “Nitaviondoa leo.” Na kabla hatujaondoka nilimwona akiwa na wanaume wawili wanabeba.

Njiani kurudi nyumbani sikukuomba radhi. Pole kwa mguu.

Sasa nikwambie ninachoogopa, maana ninakijua vizuri. Naogopa kwamba si kila mtu atakuwa kama yule matroni. Atakuja mwalimu utakayemwambia hiyo si sawa naye atakuita mkaidi mbele ya wenzako, na huko hakutakuwa na Mwalimu Nduku wa kucheka kwa furaha. Utaitwa mjuaji. Pengine utaadhibiwa kwa kile kile nilichomwomba Mungu ukipate. Naamka asubuhi nikijiuliza kama nimekulea vibaya kwa upande mwingine. Mtoto anayenyamaza, dunia humwacha apite. Anayesema, dunia humsimamisha njiani imuulize yeye ni nani. Sijui kama nimekuandaa kwa hilo. Mimi mwenyewe sijalipitia.

Naogopa pia kwamba utachoka. Kwamba kidogo kidogo, kwa sababu ni rahisi, utarudia kukaa ukingoja. Ukiona hivyo, usijilaumu. Uliwahi kukaa humo miaka miwili na ulikuwa mtoto. Nipigie. Usiku, mchana, kukiwa na wateja au bila. Nikiwa naongea na mtu mkubwa, nikatize. Na utakosea, Mumbua. Utasema kitu kwa sauti na kitakuwa si kweli, na watu watacheka. Nilipaswa kukufundisha namna ya kuvumilia hilo lakini sijui, kwa sababu nilijikinga nisikosee mbele ya watu maisha yangu yote. Utakapojua, uniambie jinsi inavyofanywa.

Kuna jambo la mwisho, na nilikuwa nimeapa nisikuambie.

Uliniomba kesho uende peke yako: upande gari hapa mpaka Kibwezi, ubadilishe, uende moja kwa moja Kitui. Nilikubali mbele yako. Nyuma yako nilimpigia binamu yangu Muthama, anayeendesha boda boda pale Kibwezi, ambaye humjui sura. Nilimwomba akungoje kwenye steji ya magari, apande gari lako, akae nyuma yako kimya mpaka akuone umeingia getini. Nilimtumia hata picha yako. Nilikuwa nimepanga usijue kamwe.

Nimeweka kalamu chini sasa hivi nikampigia.

“Kesho usiende,” nimemwambia.

“Kwani mtoto hasafiri tena?”

“Anasafiri.”

“Na nani?”

“Peke yake.”

Nikasikia pikipiki zinapita kwake. “Dada,” akasema, “una uhakika?”

“Sina,” nikamwambia, na nikakata simu kabla sijabadilisha nia.

Kwa hivyo kesho ukiwa garini, ukihisi kuna mtu nyuma yako nimemtuma, geuka utazame. Hutamwona. Nitakuwa hapa Mtito Andei, mlango umefunguliwa, simu mkononi, naogopa, na sitapiga mimi kwanza.

Mama yako